Ufagio, Pilipili, Mama Kalala

Miaka kumi na mmoja nilisimama kwenye mstari wa mita sita,
mgongo nimewapa walinzi, uso nimempa Azzan.
Kazi yangu ilikuwa kupigwa viwiko na kungoja.
Kazi yake ilikuwa kujua, kabla yangu mimi mwenyewe,
kiganja changu kitafunguka wapi.

Mpira wa mikono si kabumbu. Hauna picha
kwenye kuta za mikahawa ya Ruwi.
Una gundi ya vidoleni isiyotoka kwa sabuni
(mke wangu aliikuta kwenye mito, kwenye usukani,
kwenye cheti chetu cha ndoa)
na ukumbi wa Baushar wenye viyoyozi vinavyokohoa
na watazamaji arobaini, thelathini kati yao wajomba.

Lakini sisi tulikuwa na lugha.
Watu wa Sohar walikuja na urefu, wa Salala na mbio.
Sisi wa Wadi Kabir tulikuja na Kiswahili cha jikoni,
kile mama zetu walichoshuka nacho bandarini Matrah
pamoja na mbuzi za kukunia nazi, na hasira.
Azzan anadunda, anapaza: "Ufagio!"
Wote tunakimbilia kulia, mpira unarudi kushoto.
"Pilipili!" Anaruka kama atapiga, macho yanalichoma lango,
kumbe mpira uko kwangu, chini, kwa mdundo mmoja.
"Mama kalala!" Tunanyata, tunanyata,
mpaka mwamuzi ainue mkono kwamba tunaua muda.
Walinzi walitusikiliza
kama mtu anayesikia redio ya jirani.

Mwaka wa fainali, watu wa Sur walileta kijana mwembamba,
jezi ishirini na mbili, hatujapata kumwona.
Dakika ya hamsini na nane, sare.
Azzan akasema, "Pilipili."
Yule kijana wala hakumtazama.
Alishuka moja kwa moja miguuni pangu, akaunyakua,
na akiondoka nao akaniambia, Kipemba kitupu,
"Niwie radhi, kaka. Na miye nina mama."

Tulicheka wiki nzima. Azzan hakucheka.
Usiku ule aliurusha mpira ukutani, nyuma ya kituo cha mafuta,
hadi adhana ya alfajiri,
na nadhani hapo ndipo bega lilipoanza kumdai.

Bega hudai kidogokidogo.
Kwanza hakufika tena lango kutoka mita tisa.
Kisha hakuweza kuvaa dishdasha bila msaada.
Daktari alimwonyesha picha, akamwambia:
hapa palikuwa na kamba.
Hakuagwa. Jezi yake alipewa mtoto wa meneja.
Miaka mitatu aliuza matairi Ghala,
na ukienda kumwamkia alikupa mkono wa kushoto
na kuomba msamaha kwa kushoto huko.

Sasa ni kocha wa vijana. Kumma imemlalia upande mmoja,
kadi ya kijani ya kusimamisha mchezo iko mfukoni
imekunjika kama risiti.
Mimi hukaa safu ya tatu, karaki yangu inapoa.
Vijana wake hawajui Kiswahili. Bibi zao walikisema,
mama zao wanakisikia, hawakijibu.

Juzi tuko nyuma bao moja, sekunde kumi na tisa,
kijana anayeitwa Muadh, mwenye waya za meno,
alijaza kifua akapaza, "Bilibili!"
na wale watano wengine wakajua pa kwenda.
Nilimtazama Azzan. Mkono wake wa kulia,
ule usiopanda kupita sikio,
ulikuwa usawa wa kiuno, vidole wazi,
umekwisha kuachia.

Mpira uligonga mwamba. Tulifungwa, kusema kweli.

Mlangoni nilimuuliza Muadh kwa Kiarabu:
lile neno, unajua maana yake?
Akanitazama kama mtu niliyechelewa shule.
"Ndiyo, ammi," akasema. "Maana yake, ruka, usipige.
Kuna mtu chini anangoja."